Cheni ya bodaboda: grisi au oili ya giaboksi?

Kwa sisi tunaobeba abiria kati ya Ahero na mashamba ya mpunga, cheni haifi kwa uzee. Inauawa na udongo mweusi wa uwanda wa Kano, huku kwetu karibu na Kisumu: mvua ikinyesha unaganda, jua likiwaka unakuwa vumbi.

Wengi hupaka grisi. Haidondoki, na mvua ya jioni haiiondoi upesi. Ila cheni haianzi kulika nje. Hulika ndani, pini inaposuguana na bushi yake, yaani kibomba kidogo kinachoizunguka. Ndiyo maana "hurefuka" ingawa chuma chenyewe hakijavutika. Grisi ni nzito, haipenyi humo. Inabaki juu ikikusanya mchanga, na grisi yenye mchanga ni msasa unaozunguka nawe kutwa. Nimewahi kung'oa sproketi, lile gurudumu linaloshika cheni, yenye meno yaliyochongoka kama ya papa, na cheni yake inang'aa grisi!

Oili ya giaboksi, namba 80 au 90 (namba ya uzito wake), huingia ndani. Ubaya wake hurukia rimu na suruali ya abiria, na mvua huiosha, kwa hiyo ni kila kilomita 500 hivi, masika mapema zaidi. Safisha kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, kisha dondoshea upande wa ndani jioni, cheni ikiwa bado na joto. Futa iliyozidi.

Mimi nimebaki na oili. Ile chafu ya injini ni ya bure, ndiyo, lakini imebeba vumbi la chuma.

Na usiikaze cheni kama waya wa ua. Iache icheze kidogo, kadiri kitabu cha pikipiki kinavyosema.