Linki yangu wameifukia chini ya maneno elfu mbili

Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nikisema hasira itapoa, haijapoa, sasa naandika.

Nina tovuti ya kufundisha ushonaji, ndogo tu, kila kitu naandika mwenyewe, na kwa muda mrefu ilikwama ukurasa wa tatu huko Google ambako hafiki mtu. Nikaambiwa kinachonikosesha ni baklinki, yaani linki za kwenye tovuti za wengine zinazoelekea kwangu. Nikawapata hawa jamaa wanaoandika makala na kuziweka kwenye tovuti za watu wengine zikiwa na linki yako ndani, wana vifurushi vya maneno 500, 1,000 na 2,000. Nikauliza kipi kinanifaa, jibu likaja hapo hapo, "chukua elfu mbili dada, Google anapenda ndefu, linki inakuwa na uzito." Nikachukua.

Makala ikaja. Jamani! Ilitakiwa ieleze kwa nini cherehani inaruka mshono, kitu ambacho fundi anakujibu akiwa amesimama mlangoni: badilisha sindano, angalia kama imekaa upande wake, angalia namba ya sindano na kitambaa vinaendana, pitisha uzi upya tangu mwanzo. Maneno 600 yanatosha na mengine yanabaki. Wao wameanza na cherehani ni nini, wakaja umuhimu wa cherehani, wakaja faida za kuvaa nguo, wakarudi tena umuhimu wa cherehani kwa maneno mengine, mimi nashuka tu na kidole nasubiri sindano itajwe. Sindano imepewa mistari minne, na wamekosea, eti kaza uzi mpaka mwisho! Mtu akifuata hilo uzi unamkatikia hapo hapo na mshono unajikunja, na hilo kosa linasomeka jirani na jina langu.

Na linki yenyewe? Aya ya mwisho kabisa, baada ya hitimisho. Yale maneno ya kubonyeza ni "jifunze kushona haraka mtandaoni", na yamerudiwa mara tatu kwenye aya hiyo hiyo moja. Hapo ndipo nilipopandwa. Aliyekuja kutafuta kwa nini cherehani inaruka mshono hafiki huko chini, ameshachoka ameondoka, sasa nani ataibonyeza? Google wenyewe wana hataza, yaani haki ya uvumbuzi, waliyopewa 2010, wazo lake ni kwamba linki za ukurasa mmoja hazilingani uzito, ile ambayo msomaji ana uwezekano mkubwa wa kuibonyeza inahesabiwa zaidi. Kwa hiyo yale maneno elfu mbili niliyoambiwa yanaipa linki nguvu ndiyo yaliyoizika.

Nikawaandikia kwa heshima zote, habari za kazi, naomba linki ipande pale kwenye aya ya sindano na maneno yapunguzwe. Jibu nililopewa nalinukuu: "Dada wewe ni fundi cherehani, SEO tuachie wenyewe. Umelipia elfu mbili, umepewa elfu mbili, hesabu." SEO ndiyo hiyo kazi ya kupandisha tovuti kwenye Google.

Hesabu. Mteja anaambiwa hesabu.

Usiku ule sikulala nikasoma. Kwenye mwongozo wa Google kuhusu kuandika vitu vya kumsaidia msomaji kuna swali linauliza, je unaandika ufikishe idadi fulani ya maneno kwa sababu umesikia Google ina idadi inayoipenda? Na jibu wameliweka kwenye mabano hapo hapo, hapana, hatuna. John Mueller wa Google naye ameshasema zaidi ya mara moja kwamba idadi ya maneno haipandishi ukurasa. Halafu nikafika kwenye sera zao za spamu nikaishiwa nguvu, linki ya kulipia inatakiwa iwekewe alama ya nofollow au sponsored kwenye kodi ya ukurasa, ili Google wajue wasiipe uzito wa kupandisha tovuti, hii ya pili ipo tangu 2019, na makala za kusambazwa kwenye tovuti za wengine zenye linki zilizojazwa maneno ya kutafutia zimetajwa kama spamu. Yangu haina alama yoyote. Hakuna aliyeniambia, na tovuti itakayoumia ni yangu.

Sasa niseme ukweli wote. Kabla ya hii nilijaribu kifurushi cha 500, mwandishi mwingine, na yule aliandika vizuri sana, kuchagua sindano ya kitambaa cha kuvutika, linki iko aya ya pili inaelekea kwenye somo hilo hilo, na mpaka leo watu wanaingia kwangu kutokea pale, wanauliza maswali ya maana kabisa. Kwa hiyo siwezi kusema wote pale ni hovyo. Wala sisemi ndefu ni mbaya, somo la kukata suruali hatua kwa hatua hata maneno 2,500 yanaweza yasitoshe, inategemea swali la msomaji linahitaji nini. Nilikuwa hata nataka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya yule mwandishi.

Lakini nikiikumbuka ile "hesabu", hapana. Nyota moja. Msiwape kazi, au kama lazima mchukue ile fupi na muulize kwanza linki itakaa aya ya ngapi na itawekewa alama gani, wakisita ondokeni.

Nimewaomba waitoe ile makala au waweke nofollow, na kile kipande cha kukaza uzi wakifute kabisa maana kitaharibia watu kazi. Meseji imesomwa. Leo asubuhi nimeingia kuangalia, uzi bado unakazwa mpaka mwisho.