Dirisha la vioo viwili kwa nyumba ya Mtwara na Lindi: lini linafaa, na nini kinunuliwe kwanza

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja wa Chuno alikuja barazani kwangu na karatasi mbili za makadirio ya madirisha manane ya nyumba anayoimalizia. Ya kwanza ilitoka kwa fundi wa aluminiamu wa hapa Mtwara. Ya pili ilitumwa kwa simu na muuzaji wa Dar es Salaam, nayo, kwa kuwa kila dirisha lilikuwa la vioo viwili, ilifika karibu mara tatu ya ile ya fundi wetu.

“Mwalimu,” aliniuliza, “nimeambiwa vioo hivi vinazuia joto. Fedha ya korosho ikiingia nivichukue, au nitakuwa nimeitupa?”

“Mama, joto lipi unalotaka kulizuia?” nikamjibu. Alinitazama kama ninayemfanyia mzaha, lakini bila kulijibu swali hilo hakuna awezaye kuchagua dirisha vizuri katika pwani hii.

Dirisha la vioo viwili hutengenezwa kwa vioo vilivyoachana kwa nafasi ambayo mara nyingi ni ya milimita 12 hadi 16, yenye hewa kavu au gesi ya agoni, na kuzibwa kingo zote pasiingie unyevu. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida, na huo ndio ujanja wote. Kioo kimoja cha kawaida hupitisha takriban wati 5.8 kwa kila mita ya mraba na kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti kati ya nje na ndani, ilhali vioo viwili vya kawaida hupitisha takriban 2.8. Kwa hiyo muuzaji hadanganyi anaposema kwamba joto linalopita hupungua kwa nusu. Anachoacha kusema ni kwamba hesabu hiyo inategemea tofauti ya joto iliyopo pande mbili za kioo. Katika nchi za Ulaya wakati wa baridi, ndani huwa nyuzi 20 na nje sifuri au chini yake. Hapa kwetu, katika nyumba isiyo na kiyoyozi na ambayo madirisha yake yako wazi, nje kunaweza kuwa nyuzi 31 na ndani 29.

Tulichukua kalamu. Dirisha la futi 5 kwa 4 lina ukubwa wa karibu mita za mraba 1.8. Kwa tofauti ya nyuzi 2, kioo kimoja kitapitisha wati 21 hivi na vioo viwili wati 10, yaani ukiokoa sana umeokoa joto la taa moja ndogo. Sasa ligeuze dirisha hilohilo lielekee magharibi, saa kumi alasiri, jua likiligonga bila kizuizi. Jua la namna hiyo likileta wati 500 kwa kila mita ya mraba, basi 900 zinalifikia dirisha. Kioo kimoja cheupe kitaingiza takriban 750 na vioo viwili vyeupe takriban 670. Ni sawa na kuacha pasi ya umeme inawaka chumbani hadi magharibi, na vioo viwili vitaipunguza kidogo tu. Mwale wa jua haujali hewa iliyotulia. Unapita kwenye kioo cha pili kama ulivyopita kwenye cha kwanza, kisha unapasha sakafu na kochi. Joto la kuhofiwa katika nyumba ya Mtwara au Lindi ni hilo la mwale, pamoja na lile linaloshuka kutoka kwenye bati.

Ndiyo maana kivuli nakiweka nafasi ya kwanza, ingawa hakiuzwi dukani kwa jina la dirisha. Tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na hali hiyo inatupa nafuu kubwa. Mchana wa Desemba jua hupita upande wa kusini likiwa juu mno, kiasi kwamba sanshedi, yaani kibamba cha zege kinachochomoza juu ya dirisha, cha sentimita 30 tu hulifunika dirisha zima la kusini lenye kimo cha mita 1.2. Mwezi Juni jua huhamia kaskazini na kushuka kidogo. Hapo sanshedi ya sentimita 60 hufunika sentimita 90 hivi za juu, na kiasi kinachobaki si cha kuogopwa kwa sababu huo ni msimu wa baridi yetu. Kwa hiyo kuta za kusini na kaskazini zinatibika kwa saruji na nondo kidogo. Mashariki na magharibi ndiko kwenye kazi, kwani jua la chini hupita chini ya sanshedi yoyote. Upande huo unahitaji baraza pana, mti wenye kivuli kizito kama mwembe au mkorosho, au shata za mbao za nje. Aliyewahi kuingia mchana katika nyumba za zamani za Mikindani, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na shata zilizofungwa nusu, anajua jinsi kulivyo na ubaridi humo, na ubaridi huo haukuletwa na kioo cha aina yoyote. Kama nyumba bado iko kwenye ramani, kupunguza madirisha ya magharibi hakugharimu hata shilingi.

Nafasi ya pili naiachia dirisha la bawaba, linalofunguka lote, lenye kioo kimoja cha milimita 5 au 6 ndani ya fremu ya aluminiamu yenye rangi iliyochomwa kiwandani. Kusi hutuvumia kutoka kusini mashariki kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba, na kaskazi hushika zamu katika miezi ya joto. Upepo mwepesi unaopita mwilini humfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka nyuzi 2 au 3, na hakuna kioo kinachokupa hilo. Dirisha la kusukuma, ambalo sasa ndilo kila fundi analikimbilia, hufunguka nusu tu, kwa sababu kipande kimoja hujificha nyuma ya kingine. Ukiongeza wavu wa mbu, upepo unaobaki unahesabika. Maana yake ni kwamba mtu analipia tundu la futi 5 na kupata la futi mbili na nusu. La bawaba lina kero yake: likifungukia nje hugombana na grili, kwa hiyo mweleze fundi wa grili mapema aache nafasi, au agiza lifungukie ndani na ukubali kupanga mapazia upya.

Luva, yaani dirisha la vipande vyembamba vya kioo vinavyolala na kusimama pamoja, naiweka ya tatu, na najua wapo watakaonicheka kwa kuiona ya kizamani. Hufunguka karibu yote, hupitisha upepo hata mvua nyepesi inaponyesha, na kipande kikivunjika unabadili hicho kimoja. Kwa jiko, choo na stoo sioni kinachoishinda kwa bei. Haifai chumba chenye kiyoyozi kwa kuwa haizibi, na vipande vyake huchomolewa na mwizi bila kelele, hivyo haiwekwi bila grili.

Dirisha la kusukuma lenye kioo kimoja ni la nne. Si baya, linafaa mahali ambapo hakuna nafasi ya kufungua kitu nje wala ndani. Lakini hapa inafaa niseme juu ya chumvi, maana nililipa kujifunza. Nilipojenga Shangani niliweka madirisha sita ya kusukuma kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba kila kitu ni cha kudumu. Mwaka wa tatu mawili hayakusogea kabisa. Nilipoyanyanyua kutoka kwenye reli, nilikuta rola zimegeuka donge jekundu la kutu lililoshikana na mchanga, na skrubu zikivunjika kichwa kila nilipozigusa kwa bisibisi. Aluminiamu yenyewe ilikuwa imetoa unga mweupe kandokando ya kila skrubu ya chuma. Chuma cha kawaida na aluminiamu vikigusana penye hewa ya chumvi hulana, na anayeliwa ni aluminiamu. Tangu hapo nadai skrubu na rola za chuma cha pua, ile daraja ya 316 inayostahimili chumvi kwa nyumba iliyo karibu na bahari, na grili ifungwe ukutani badala ya kwenye fremu. Reli ya chini nayo iwe na matundu ya kutolea maji: mimina kikombe cha maji mbele ya fundi kabla hujamaliza kumlipa, na uone yanatokea wapi. Yakitokea sebuleni, mvua za masika zitafuata njia hiyohiyo.

Kioo cheusi cha tinti na karatasi za kubandika nazipitia haraka. Tinti hunywa joto na yenyewe ikapata moto, kisha sehemu ya moto huo ikarudi ndani. Karatasi inayorudisha mwanga hufanya kazi vizuri zaidi, ila zote hutia giza hadi watu wakawasha taa mchana. Ni dawa ya dirisha la magharibi ambalo haliwezi kupata kivuli, basi.

Vioo viwili vinakuja mwisho, na sababu si bei peke yake. Hata kwa chumba chenye kiyoyozi hesabu haikai vizuri. Chukua dirisha letu la futi 5 kwa 4, ndani nyuzi 24 na nje 32, kiyoyozi kikiwaka kwa muda wa saa nane kila siku kwa mwaka mzima. Joto linalozuiwa ni wati 43 hivi, na kiyoyozi cha kawaida kinaweza kuliondoa kwa umeme wa theluthi moja ya hapo. Hiyo ni takriban uniti 42 kwa mwaka; ukikadiria uniti moja kwa shilingi 350, dirisha halijakuokolea hata shilingi 15,000. Nami nimelipendelea, kwani wengi wetu huwasha kiyoyozi usiku, wakati nje kumeshapoa na tofauti ni ya nyuzi mbili tatu tu. Nyongeza ya bei uliyolipa itarudi wajukuu wakiwa wazee.

Halafu kuna matengenezo. Kioo kimoja kikivunjwa na mpira wa watoto, fundi yeyote wa Mtwara mjini au Lindi atakukatia kingine siku hiyohiyo. Vioo viwili vilivyozibwa kiwandani havikatwi, ni lazima vitengenezwe upya kwa kipimo chako na kusafirishwa, na kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Kingo zilizozibwa zikichoka, jambo ambalo unyevu na jua haviliahirishi, ukungu huingia katikati ya vioo mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Wapo wanaovihitaji, hata hivyo. Chumba kinachopozwa mchana kutwa, kama cha kutunzia dawa au mitambo ya kompyuta, kina sababu, na pia ofisi yenye ukuta mzima wa kioo. Hao wasinunue vioo viwili vyeupe vya kawaida. Wadai kimoja kiwe na utando mwembamba wa metali unaorudisha joto, nao uwe upande wa ndani wa kioo cha nje. Kuhakiki ni rahisi: usiku shika mwali wa kiberiti karibu na dirisha utazame vivuli vyake vinavyorudi. Vioo viwili huonyesha miali minne, na penye utando mmoja wapo huwa na rangi tofauti na mingine. Ukiona miwili tu, umeuziwa kioo kimoja.

Kuhusu kelele, watu wengi wa karibu na barabara kuu au kumbi za muziki hudhani vioo viwili ndiyo tiba. Vioo viwili vyembamba vyenye unene sawa havikishindi kwa mbali kioo kimoja cha milimita 6. Bora kioo kilichobandikwa, yaani vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa utando wa plastiki katikati, ambacho hupunguza kelele vizuri na pia hakimwagiki kikipigwa. Lakini chochote utakachochagua hufanya kazi kikiwa kimefungwa, na chumba kilichofungwa Novemba bila kiyoyozi hakilaliki. Wenzetu wa Newala, huko juu kwenye uwanda wa Makonde ambako usiku wa Julai huuma, watapata nafuu ya kutosha kwa mpira mzuri wa kuzibia na pazia zito.

Jirani yangu alichagua madirisha ya bawaba kwa vyumba vya kulala na sebule, luva kwa jiko na choo, na tofauti iliyobaki akaielekeza kwenye dari, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa bado ina bati tupu, pamoja na baraza la upande wa magharibi. Nilimwomba jambo moja zaidi, nami naliandika hapa kwa sababu limewagharimu wengi: fundi asipime matundu kabla lipu haijapigwa na kukauka. Lipu hula sentimita mbili hivi kila upande, na fremu iliyopimwa juu ya tofali tupu huja kuchongewa ukuta kwa patasi, huku nyufa zake zikizibwa kwa silikoni ambayo jua la pwani huipasua. Lipu yake ilikamilika juzi. Fundi anakuja kupima Jumatatu.