POPLA (chombo huru cha rufaa za paking za kampuni binafsi): nyota nne, barua ya paking Uingereza usikimbilie kulipa

Wabongo wa Uingereza hii inawahusu. Barua ya paking ya kampuni binafsi sio faini ya polisi wala ya halmashauri, ni kampuni tu inakudai. Mimi walitaka pauni 100 eti nimepitiliza muda, ukilipa ndani ya siku 14 inashuka mpaka 60, na ushahidi wenyewe picha mbili, gari linaingia, gari linatoka taa za nyuma zinawaka, basi! Ile foleni ya Jumamosi ya kutoka pale supamaketi kamera haikuiona.

Unaanza kukata rufaa kwao, wakikataa wanakupa namba ya POPLA kama ni wanachama wa BPA, chama cha kampuni za paking (wale wa chama kingine, IPC, wana chombo chao cha rufaa), una siku 28 na hutoi hata senti. Nilichopenda kampuni inaleta ushahidi wake na wewe unausoma na kuujibu, sio wanaamua kimya kimya. Nikaweka risiti, picha ya bango lililozibwa na mti, na ile sheria ya 2012 ya England na Wales, kwamba kama hawakukubandikia tiketi kwenye gari basi barua imfikie mwenye gari ndani ya siku 14, ikichelewa hawawezi kumbebesha deni la dereva wasiyemjua. Yangu ilichelewa, nikashinda, na uamuzi huo kampuni lazima iufuate.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ukishindwa lile punguzo ndio limeenda. Halafu jamani kwenye maelezo msiandike nani alikuwa anaendesha, andikeni tu "dereva".