teamLab Planets, Tokyo: chumba cha koi kinalipa nauli

Ukiwa na muda mfupi katika teamLab Planets, jumba la sanaa ya kidijitali jijini Tokyo, utumie kwenye chumba cha maji. Unaingia peku, maji yanafika magotini, na juu yake projekta zinamulika samaki aina ya koi wanaoogelea wakiacha michirizi ya rangi. Koi akigonga mguu wako, anatawanyika kuwa maua. Hakuna video inayorudiwa hapo: kompyuta inachora papo hapo kwa kufuata mwendo wa watu, na umbo lililopita halirudi tena. Ndiyo maana msongamano unaharibu utamu, maana miguu ikiwa mingi koi wanagongwa kabla mchirizi haujakua. Nunua tiketi ya saa za mwanzo asubuhi. Zinauzwa mtandaoni kwa saa maalumu, na bei hupanda au kushuka kulingana na siku.

Toshiyuki Inoko na wenzake walianzisha teamLab, kundi lililobuni jumba hili, mwaka 2001, na hoja yao kubwa ni ya jicho. Mchoro wa kale wa Kijapani haumfungi mtazamaji asimame sehemu moja. Jicho linatembea, na kila kona ina uzito uleule. Ndani ya maji utaona maana yake: chumba hakina mbele wala nyuma, nawe umo ndani ya mchoro.

Bustani ya okidi ina maua hai zaidi ya 13,000 yanayoning'inia, na hupanda juu ukikaribia. Chumba cha taa za LED ni kizuri kwa picha, basi.

Mavazi yanawaponza wengi. Jinzi ya kubana haikunjiki kupita goti, na sketi haifai kwa sababu baadhi ya sakafu ni vioo. Kaptura za kuazima zipo bure, makabati ya mizigo pia, na taulo za kukaushia miguu. Simu ishike kwa kamba. Mwanga wa kamera uzime, kwani unafuta rangi za projekta.

Bustani ya kuvumwani (moss) iliyo nje ina kasoro moja kwa mgeni wa asubuhi: maumbo kama mayai yaliyomo humo huwaka jua likizama. Asubuhi kwa koi au jioni kwa mayai, itabidi uchague.

Shuka kituo cha Shin-Toyosu, reli ya Yurikamome; ni mwendo wa dakika moja. Jumba limetangazwa kubaki wazi hadi mwisho wa 2027.