TAHADHARI: Muuza magauni ya Uturuki anayeomba dola 1 "ya kuhakiki kadi"

Jamani, kama unataka kuagiza gauni la Uturuki kwa mtu wa Instagram wiki hii, usilipe chochote kabla hujasoma hapa. Kuna mwanamke anatuibia kupitia kadi zetu za mtandaoni, na hajaanza na mimi. Nimeshapata wenzangu inboksi waliokatwa vilevile, mmoja hadi leo hajamwambia mumewe.

Sendofu ya mdogo wangu iliharakishwa kwa mambo ya upande wa mkwe. Sare za wasimamizi zilikuwa hazijapatikana na fundi wetu wa Sinza alishanawa mikono. Ndipo nikakutana na ukurasa wa huyu dada.

Mnaoniuliza nilimwaminije, nawajibu. Wafuasi zaidi ya elfu sabini. Video za wateja wanafungua mizigo huku wanamtaja kwa jina. Sauti ya mtu mzima, ya upole, lafudhi ya Tanga, anakuita "mdogo wangu" na anauliza mama anaendeleaje na presha. Nilipomtumia vipimo, akanirudishia kimoja: "Huyu kiuno umekosea, haiwezekani awe na nyonga hizo na kiuno hicho." Nikapima upya, kweli fundi alikosea. Mtu anayeongea hivyo anajua nguo. Halafu matapeli wote tuliowazoea wanataka utume hela yote kwenye namba yenye jina la mwanaume usiyemjua. Huyu aliniambia nisimtumie hata shilingi: mzigo ukifika Kariakoo nitaukagua, nikiridhika ndipo nilipe. Kiwanda kinataka tu kuhakiki kadi kwa dola 1, nayo inarudi ndani ya saa 24. Niambieni nani angekataa.

Ilikuwa jioni, niko jikoni, keki ya mteja iko kwenye oveni na simu nimeiweka spika. Nikafungua linki aliyonitumia. Ukurasa wa rangi ya krimu, umetulia, na katikati picha ya gauni lilelile la zumaridi nililochagua. Juu kwenye anwani kuna kile kikufuli cha usalama. Nikaweka namba ya kadi, tarehe ya kuisha, zile tarakimu tatu. Kitufe kikagoma. Akasema, "Weka tiki hapo kwenye kisanduku, mdogo wangu, bila tiki haikubali." Chini ya kisanduku kulikuwa na maandishi ya kijivu, madogo kama chawa, Kiingereza kirefu. Nikavuta kwa vidole viwili niyakuze, ukurasa haukuzi. Nikamuuliza yanasema nini. Akacheka kidogo, kwa upole uleule: "Hayo ni masharti ya kurudisha gauni lisipokutosha."

Meseji ya namba ya uthibitisho ikaingia. Nikaisoma mara mbili: USD 1.00. Kiasi ni kile tulichokubaliana. Nikaiingiza mwenyewe kwa mkono wangu. Hakuniomba nimtajie hiyo namba, na angeniomba ningekata simu palepale, maana hilo tumehubiriwa na kila redio. Dola 1 ikakatwa. Akatuombea heri ya sendofu, akasema Mungu amjalie mdogo wangu ndoa ya amani.

Saa tisa usiku simu ikaanza kutetemeka juu ya stuli. Dola 49. Kabla sijawasha taa, dola 49 nyingine. Kisha 97. Kisha 59. Sikuulizwa namba ya uthibitisho hata moja. Kwenye meseji, jina la aliyelipwa halina uhusiano wowote na magauni, ni kampuni ya nje ya mambo ya mazoezi na kupunguza mwili ambayo sijawahi hata kuisikia. Zaidi ya laki sita na nusu za Kitanzania zimeondoka nikiwa nimekaa kitandani naangalia.

Na zile hazikuwa hela zangu. Ile kadi ni ya kwenye simu, ninayolipia matangazo ya keki, na inachota moja kwa moja kwenye salio. Kwenye salio kulikuwa na michango ya kamati. Na mweka hazina wa kamati ni mimi. Jumapili ile nilisimama mbele ya watu wazima, Mama Mkubwa ananiuliza hela ya ukumbi iko wapi, na mimi nawaonyesha meseji za Kiingereza kwenye simu. Nimeirudisha yote kwa mkopo wa kikoba, lakini wapo mpaka leo wananitazama kama nimeila. Hilo ndilo linalonichoma kuliko hela yenyewe, na ndilo ninalotaka alilipie.

Nilipompigia alipokea! Akaniambia, bila aibu, "Hilo la benki yako, mimi nauza nguo." Baada ya nusu saa akabadilika, akatuma sauti: kiwanda kimekubali kurudisha, ila ile kadi mfumo unaikataa, nimpe kadi nyingine ihakikiwe upya kwa dola 1. Mshenzi mkubwa. Alitaka kunila mara mbili usiku mmoja. Nilipomjibu anachostahili, akaniblock.

Nikamaliza asubuhi yote na huduma kwa wateja, na kijana aliyepokea simu ndiye aliyenifumbua macho. Ile tiki ilikuwa ruhusa ya makato ya kujirudia. Namba ya uthibitisho inaulizwa pale mwanzo, kwenye ile dola 1. Kuanzia hapo kadi yako imehifadhiwa kwao, wanakata wenyewe wakati wowote na simu yako haiulizwi kitu. Kwa hiyo msijidanganye kwamba meseji ya uthibitisho itawalinda. Akanifungia kadi, akanifungulia malalamiko, ila mawili ya makato yalikuwa bado yanasubiri kukamilika, na akasema hayo hayawezi kupingwa mpaka yakamilike. Nikalazimika kupiga tena.

Mwenye kadi ya benki, sikiliza na hili: kupewa kadi mpya peke yake kunaweza kusikusaidie. Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya za kadi ili makato ya kila mwezi yasikatike. Waambie benki wamzuie huyo mkataji kwa jina lake, na udai iandikwe. Wa PayPal, ingia mwenyewe kwenye mipangilio, tafuta malipo ya kujirudia, uyafute. Kupinga kwa Visa mara nyingi ni ndani ya siku 120, PayPal siku 180 za kufungua mgogoro, lakini usisubiri hata wiki. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu wana dawati la malalamiko, ila watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwenye benki yako, kwa hiyo tunza karatasi zote.

Dalili? Zipo, nimeziona baadaye. Posti mpya zote zimefungwa maoni. Ukibonyeza sehemu ya kuhusu akaunti, Instagram wenyewe wanaonyesha imebadilishwa jina mara kadhaa na nchi iliyotajwa si Tanzania. Anwani ya ile linki haina jina la duka lake. Na binamu yangu alikwenda hadi Mtaa wa Aggrey, kwenye ghorofa alilotaja ni simu na chaja tupu, hakuna anayemjua.

RB ya polisi ninayo. Namba yake ya simu nimeiripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, na mimi nataka itumike juu yake yote, apandishwe kizimbani Kisutu mchana kweupe, hao wateja wa kwenye video waje waseme walilipwa shilingi ngapi kumsifia. Mtu anayemuuliza mwenzake presha ya mama yake ili amuibie michango ya sendofu hastahili faini. Afungwe.

Jina la ukurasa nimeacha kuliandika maana alishalibadilisha nilipotoka kituoni. Sauti zake ninazo zote. Kama umekatwa usiku baada ya dola 1, niandikie inboksi nikutumie sauti moja usikilize, na ukimtambua, chukua taarifa ya makato yako uje nayo. Jumatatu asubuhi tunarudi kituoni, na mpelelezi amesema tukiwa wengi jalada litakuwa na nguvu.