Uzoefu wangu: maonyo ya sauti kwenye rimoti ya mashua ya mfano, Lamu

Kwa mtu anayeongoza chombo majini, sauti ya rimoti ina kazi kubwa kuliko skrini. Hapa Lamu utaliona hilo mapema. Asubuhi jua linachomoza upande wa Manda na kukupiga usoni ukiwa umesimama ukingoni. Mashua ikishafika mita mia mbili, ukiinamisha macho kusoma namba kwenye skrini, ukiyainua hujui tena omo iko wapi na tezi iko wapi. Rimoti inayotamka kwamba betri imeshuka, au kwamba mawasiliano yanafifia, inayaacha macho yako kwenye chombo.

Mimi ni wa majini tu. Uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari, na ndege za abiria zinashuka pale kila siku, kwa hiyo sirushi kitu hewani. Nina mashua ya mfano ambayo mwili wake ulichongwa na fundi wa Matondoni, mota moja, rafadha moja, na betri ya lipo, yaani ya lithiamu, ya seli tatu. Tanga nalitweka siku za upepo mwanana.

Rimoti ninayoizungumzia ni ya chaneli 16, ina skrini ndogo isiyo na rangi, na ndani inaendeshwa na EdgeTX, programu huria ya rimoti iliyochipuka mwaka 2021 kutoka nyingine ya aina hiyo, OpenTX. Iliagizwa kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti hadi mjini. Vijiti vyake ni laini, betri inakaa, na plastiki yake haijapauka kwa chumvi. Lakini ilipowashwa ilitoa milio tu. Pii, pii. Hakuna neno.

Kwanza nilikwenda kwenye ukurasa wa mipangilio ya sauti. Pale kuna hali nne: kimya kabisa, maonyo tu, kila kitu isipokuwa vitufe, na kila kitu. Yangu ilikuwa kwenye ya mwisho, sawa. Chini yake kuna viwango vya sauti, na hapa wengi wanapita haraka: sauti kuu ina kiwango chake, milio ina chake, na faili za maneno zina chake. Ukisikia milio vizuri na maneno hafifu, usiguse sauti kuu, pandisha ile ya faili za maneno. Kwangu zote zilikuwa juu, na bado hakukuwa na neno.

Ugonjwa ulikuwa kwenye memori kadi. Rimoti hizi hazina sauti za maneno ndani ya mashine yenyewe. Kila neno ni faili ya sauti ya aina ya wav iliyokaa kwenye kadi, ndani ya folda ya SOUNDS, kisha folda ya lugha, kwa mfano en, na ndani yake folda ya SYSTEM yenye maonyo ya rimoti yenyewe. Kadi niliyoletewa ilikuwa na folda ya SOUNDS, tupu. Muuzaji alijibu kwamba kila kitu kilikaguliwa kabla ya kutumwa, akanyamaza. Hilo limenikera, kwa sababu mtu wa mara ya kwanza angedhani spika imekufa, aifungue rimoti nzima, na spika haina kasoro.

Dawa yake ni hii. Tazama kwenye rimoti toleo la EdgeTX ulilo nalo, pakua faili za kadi za toleo hilohilo na sauti zake, kisha nakili kwenye kadi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32. Matoleo yasipolingana, rimoti inakuonya kila ukiwasha kwamba kadi si ya toleo lake. Halafu hakikisha lugha ya sauti uliyochagua kwenye mipangilio ndiyo lugha ya folda iliyoko kwenye kadi. Ukichagua Kifaransa na kadi ina Kiingereza peke yake, utapata ukimya uleule.

Jambo moja la huku kwetu: chumvi. Sauti zikikatika katikati ya neno, au zikija leo na kesho zisije, toa kadi utazame zile sehemu za shaba. Zikiwa na ukungu wa kijani, pangusa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke, rudisha.

Sauti zikapatikana, mwanamke wa Kiingereza akaanza kusema. Tukawa Shela na mtoto wa kaka yangu, rimoti iko mikononi mwake, onyo likatoka. Akanigeukia.

"Ami, huyu asema nini?"

"Asema mawasiliano yamepungua, turudi."

"Basi na aseme hivyo."

Ana haki. Onyo linalohitaji mkalimani limechelewa, na chombo kinazidi kwenda. Orodha ya lugha kwenye rimoti yangu haina Kiswahili, lakini faili ni faili tu, na rimoti haijali kilichosemwa ndani yake mradi jina liwe lilelile. Kwenye folda ya SYSTEM, rssi_org ni onyo la mawimbi kupungua, rssi_red ni lile la hatari, telemko ni taarifa zinazotoka kwenye chombo zimepotea, telemok zimerudi, lowbatt ni betri ya rimoti yenyewe. Nakili folda nzima pembeni kwanza, kisha weka sauti zako kwa majina hayohayo.

Dada yangu alinirekodia kwenye simu. Nilimchagua yeye kwa sababu sauti yake ni nyembamba na kali, inapenya upepo wa kusi kuliko yangu. "Mawasiliano yamepungua, rudi." "Hatari, rudi sasa." "Taarifa zimepotea." Chumbani, dirisha limefungwa, simu karibu na mdomo.

Faili ya simu haichezi moja kwa moja, na hapa ndipo wengi wanakwama wakidhani kadi imeharibika. Simu nyingi huhifadhi kwa m4a, aina nyingine ya faili ya sauti. Rimoti inataka wav, chaneli moja ya sauti (mono), biti 16, na kasi isiyozidi kilohezi 32. Mimi natumia 16, inatosha kabisa kwa spika ndogo. Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ni ya bure na inafanya kazi yote: kata ukimya wa mwanzoni ili neno litoke papo hapo, pandisha sauti hadi kilele, hifadhi. Faili zako mwenyewe, zile ambazo si za SYSTEM, ziweke moja kwa moja ndani ya folda ya lugha, na kwenye rimoti za skrini isiyo na rangi jina lisizidi herufi sita. Ya betri niliita "betri1" na "betri2". Ukiandika "betriyachini" haitaonekana kwenye orodha, na rimoti haitakuambia kwa nini.

Namba nimeziacha kwa Kiingereza. Kila namba kuanzia 0 hadi 99 ina faili yake, kisha kuna nukta, kisha kipimo, na rimoti inaziunga yenyewe. Dada yangu ameahidi kumaliza kazi hiyo Ramadhani ikipita.

Onyo la betri ya chombo ndilo lililonichukua muda zaidi, na ndilo ninaloliona la maana zaidi. Kipokezi changu, kile kilichomo ndani ya mashua kinachopokea amri za rimoti, kina waya wa kupimia betri, kwa hiyo volti zinafika kwenye rimoti. Unatengeneza swichi ya mantiki: volti zikiwa chini ya kiasi fulani, swichi inajiwasha. Kisha kwenye ukurasa wa kazi maalumu unaiambia swichi hiyo icheze faili yako. Ukiishia hapo, utachoka. Betri ya seli tatu ikijaa ni volti 12.6, lakini ukiipa mota nguvu nyingi kupanda wimbi, volti zinazama kwa muda mfupi kisha zinarudi, na kila zikizama dada yangu anapiga kelele "betri!" wakati betri ina nusu nzima. Mtu akisikia onyo la uongo mara kwa mara, la kweli likija halishtuki. Kwenye swichi ileile kuna sehemu ya kuchelewesha: nimeweka sekunde tatu, kwamba volti zikae chini sekunde tatu mfululizo ndipo neno litoke. Kelele zote za uongo zikaisha.

Kiasi chenyewe kinategemea maji. Maji mafu, naweka onyo la kwanza kwenye 10.8 na la pili kwenye 10.5, yaani 3.5 kwa kila seli. Wakati wa bamvua mkondo wa mlango wetu ni mkali, na kurudi dhidi yake kunakula betri kuliko kwenda. Siku hizo la kwanza nalipandisha hadi 11.1. Maelekezo ninayoyasoma yanatoa namba moja kwa wote, na aliyeyaandika hajui maji yako.

Kwa mawasiliano, rimoti yangu inatumia ExpressLRS ya gigahezi 2.4, mfumo wa redio unaounganisha rimoti na kipokezi, unaoleta ubora wa mawasiliano kwa asilimia. EdgeTX inakuja na maonyo mawili tayari, 45 na 42. Yamekaribiana mno kwa chombo cha majini. Nimeweka 70 na 50, ili kati ya onyo la kwanza na la pili nipate nafasi ya kugeuza. Lakini sauti haiongezi umbali. Maji ya chumvi hayapitishi mawimbi hayo, na antena ikilala karibu na maji utasikia "rudi" mapema mno. Nimeipandisha antena ya kipokezi kandokando ya mlingoti, na tofauti ni kubwa. Pia weka kipokezi kizime mota mawasiliano yakikatika, kwa sababu neno litakuambia tu kwamba yamekatika, chombo hakitalisikia.

Neno la mwisho kuhusu spika: ni ndogo. Asubuhi tulivu inatosha, kusi ikivuma Shela haitoshi hata ukipandisha kila kitu. Rimoti yangu ina tundu la visikizio, nami navaa sikio moja tu, la pili liko wazi kwa maboti ya mashine yanayopita. Kama unanunua, tafuta yenye tundu hilo. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua ni ya muuzaji na kadi yake tupu.