Ukaguzi wa umeme jengoni: wa kupitapita au wa kina?

Mwenye hoteli ya zamani pale Mombasa akitaka kupunguza bili ya umeme, ana njia mbili za kuanzia.

Ya kwanza ni ukaguzi wa kupitapita. Mkaguzi anakuja asubuhi, anapewa bili za miezi 12, kisha anazunguka na daftari lake. Jikoni anabana karatasi kwenye mlango wa friji. Ikichomoka kirahisi, mpira wa kuziba mlango umekwisha. Chumbani anakuta AC inanguruma huku dirisha ni la luva lisilofunga sawasawa. Hapo hahitaji kifaa chochote kujua pesa inavujia wapi. Siku moja inatosha, na gharama yake ni ndogo.

Wa kina huchukua wiki kadhaa. Mita hubanwa kwenye nyaya kuu na kuachwa zirekodi usiku na mchana. Ndipo yanapojitokeza yasiyoonekana kwa macho: saa 9 usiku, wageni wamelala, mbona pampu inakula umeme kama mchana? Ripoti huonyesha pia kila mashine mpya itarudisha gharama yake baada ya miaka mingapi.

Nchini Kenya, kanuni za 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa, kuanzia kilowati-saa 180,000 kwa mwaka, wakaguliwe kila baada ya miaka 3.

Kwa jengo la ghorofa mbili, mimi ningeanza na wa kupitapita na kuziba madirisha kwanza. Kumlipa mtu wa mita wakati mpira wa friji umechanika (na wapo wanaofanya hivyo) ni kutupa pesa.